Milimita Moja Nukta Nne

Ofisini walimwita Desimali, na jina hilo hawakumsingizia. Ukimuuliza chai yake itiwe sukari vijiko vingapi, alijibu, "Kimoja nukta tano." Ukimuuliza umri, alikuwa na miaka hamsini na sita nukta mbili, na miezi ikipita alisahihisha. Watu wakicheka, naye alicheka, kisha kesho yake akajibu vilevile, maana hakuwa anatania. Alikuwa mhandisi wa majengo, na kazi yake ilikuwa kutazama ghorofa ambayo hata msingi wake haujachimbwa, akasema upepo ukiipiga itakwenda wapi.

Tuieleze kazi yenyewe kabla hatujafika mbali, kwa sababu asiyeielewa atamhurumia Desimali mahali asipostahili na kumlaumu mahali asipokosa. Jengo refu huyumba. Yote huyumba, hata lile unaloliona limetulia tuli. Upepo ukivuma, kila sakafu husogea milimita kadhaa, na ya juu husogea kuliko ya chini. Mtu wa kawaida atauliza jengo zima limesogea kiasi gani toka ardhini. Mhandisi hajali sana hilo. Anachotaka kujua ni sakafu hii imesogea kiasi gani kuliko ile iliyo chini yake hasa, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo inayopasua kuta, kukwamisha milango na kuvunja vioo. Ofisini waliiita mpishano. Kwenye kompyuta unabofya nukta moja sakafu ya juu, unabofya nyingine iliyo wima chini yake, na programu inakupa mpishano wa hizo mbili. Ni kazi ya dakika moja, ukichagua nukta zinazostahili.

Ofisi ilikuwa juu ya duka la vioo vya madirisha. Ilikuwa na wahandisi sita, karani mmoja, na mkurugenzi mwenye sheria moja ambayo hata mgeni aliambiwa kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi. Kila jengo lilihesabiwa na watu wawili, kila mmoja kwa kompyuta yake, kuanzia mwanzo kabisa. Wawili hao waliitwa pacha. Pacha waliweza kuzungumza jambo lolote chini ya jua isipokuwa jengo lao. Majibu yalitiwa kwenye bahasha mbili, mkurugenzi akazifungua kwenye meza ndefu na kusoma tarakimu kwa sauti. Zikilingana, wote wawili wanatia sahihi. Zikitofautiana, hakuna mjadala, kila mtu anarudi mezani kwake kutafuta kosa lake mwenyewe. Sheria hiyo ilizaliwa zamani, wahandisi wawili waliokuwa kama chanda na pete walipozungumza weee mpaka mmoja akamvuta mwenzake kwenye kosa lake, wakatia sahihi huku wanacheka, na ukuta ukajengwa upande usiotakiwa.

Desimali alikuwa na pacha mmoja tu kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwanamke aliyemzidi miaka michache, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, na kicheko ambacho kikianza hakina breki. Kati ya meza zao palikuwa na kabati la mafaili, refu kuliko mtu. Walipokuwa kazini hawakuonana, walisikiana tu. Desimali alijua pacha wake amekwama pale aliposikia viatu vikivuliwa chini ya meza. Alijua hesabu imekubali pale kidole kilipogonga kitufe kwa nguvu, ta, kama anayefunga mjadala. Majengo sitini na moja walikuwa wameyahesabu hivyo, yeye upande huu, mwenzake upande ule.

Saa kumi jioni walitoka pamoja kunywa chai kwenye kibaraza cha ngazi za nyuma, penye viti viwili vya plastiki na ndoo ya fagio. Hapo ndipo walipojuana. Desimali alikuwa mjane. Mkewe alifariki miaka kumi na moja iliyopita, na siku zile za msiba pacha wake alikuja, akaosha vyombo siku tatu mfululizo, hakutia neno. Mwenzake hakuolewa. Aliwahi kuchumbiwa, uchumba ukavunjika, kisha mama yake akaugua ugonjwa mrefu, na binti akamuuguza mpaka alipomzika, mwaka juzi. Hayo yote Desimali aliambiwa kidogo kidogo, kikombe kwa kikombe. Alimpenda. Hakuna haja ya kuzunguka. Alimpenda tangu mwaka wa tatu wa ujane wake, na hakuwahi kumwambia. Huyu ndiye mtu yule yule aliyewahi kumwambia tajiri mzima, mbele ya wapambe wake, kwamba nguzo za nyumba yake zibomolewe zote.

Sasa pacha wake alikuwa anastaafu. Alikuwa anahamia kwa mdogo wake wa kike, safari ya siku mbili kwa basi. Mdogo huyo alikuwa peke yake, macho yake yamefifia, na Jumatatu ya wiki iliyofuata alikuwa afanyiwe upasuaji. Tiketi ilikatwa ya Jumatano. Kazi iliyobaki ilikuwa moja tu, bweni la wauguzi la ghorofa tisa, jengo lao la sitini na mbili.

Jumatatu mkurugenzi akafungua bahasha.

"Sakafu ya sita, pembe ya kaskazini," akasoma. "Desimali, saba nukta mbili. Dada, nane nukta sita." Akashusha karatasi, akawatazama juu ya miwani. "Mwisho unaoruhusiwa ni nane. Mmoja ananiambia jengo liko salama, mwingine ananiambia ninenepeshe ukuta wa lifti. Rudini mezani."

"Sawa," wakasema wote wawili.

"Na safari yako je, dada?"

"Nitaisogeza," pacha akasema. Alimtupia Desimali jicho, mara moja, akaondoka.

Desimali alirudi mezani na furaha ambayo mtu mzima anapaswa kuionea haya. Sheria ilikuwa sheria. Mpaka tarakimu zilingane na sahihi zitiwe, hakuna pacha anayekabidhi kazi. Kama Jumatano hazijalingana, hataondoka Jumatano.

Kosa alilipata Jumanne saa nne asubuhi, na lilikuwa lake. Bweni lile lilikuwa na roshani pembeni kuanzia ghorofa ya kwanza mpaka ya tano. Kuanzia ya sita jengo lilirudi ndani mita moja na nusu, roshani hakuna. Kwa hiyo pembe ya sakafu ya sita haikukaa juu ya pembe ya sakafu ya tano, ilikaa juu ya nguzo iliyo nyuma ya roshani. Desimali alikuwa amebofya pembe na pembe, kwa mazoea, akapima nukta mbili ambazo hazikusimama moja juu ya nyingine. Na kwa kuwa jengo lilijipinda kidogo upepo ukiligonga, pembe ya roshani ilisogea kuliko ile nguzo ya nyuma yake, ikameza sehemu ya mpishano. Alipobofya nguzo yenyewe, programu ikamletea nane nukta sita. Kilichokuwa kimepotea ni milimita moja nukta nne, unene wa sarafu nyembamba.

Akavua miwani, akaiweka mezani, akafikicha macho.

Alichotakiwa kufanya kilikuwa chepesi. Asimame, atembee hatua kumi na moja mpaka mlango wa mkurugenzi, aseme, "Kosa ni langu." Akasimama kweli. Upande wa pili wa kabati pacha wake akakohoa, kikohozi kidogo cha vumbi la mafaili. Desimali akaketi tena. Akavaa miwani. Akaifungua modeli yake ya jengo kwenye kompyuta na kuanza kuikagua upya kuanzia msingi, nguzo baada ya nguzo, kwa makini ya mtu anayetafuta kitu ambacho tayari kiko mfukoni mwake.

Jioni, kwenye kibaraza, pacha alimsimulia habari za kufunga mizigo. Kitanda amempa jirani. Jokofu limechukuliwa na fundi aliyelitengeneza mara nyingi mpaka likawa kama lake. Vitabu vya hesabu amevitia kwenye maboksi mawili, na boksi moja limepasuka tayari kabla ya safari.

"Nyumba imebaki tupu," akasema. "Nikipiga chafya, inanijibu."

Desimali alikuwa amejipanga. Kule mezani, kati ya nguzo ya kumi na nne na ya kumi na tano, alikuwa ametunga sentensi nzima, akaihariri, akaondoa neno moja lililozidi. Akafungua mdomo.

"Chai imepoa," akasema.

"Imepoa nukta ngapi?" pacha akauliza, na kicheko kikaanza, kikaenda, kikavuka ukuta mpaka kwa mafundi wa vioo kule chini, mmoja wao akacheka pia bila kujua anacheka nini. Desimali naye akacheka. Alitamani jioni ile isiishe, na aliona aibu kwamba alikuwa ameiiba.

Jumatano binti yake alimpigia simu. Binti huyo aliolewa mji mwingine, na alijua kila kitu, kwa sababu watoto wanaolelewa na baba mjane husoma uso wa baba kuliko magazeti.

"Baba, umemwambia?"

"Nani?"

"Baba, usinifanyie hivyo. Umemwambia au hujamwambia?"

"Kuna kazi hatujaimaliza. Tarakimu hazijalingana."

"Tarakimu," binti akasema. "Baba, mimi nimeolewa na mtu ambaye siku ya kwanza alinimwagia soda, siku ya pili akaja kuomba radhi, siku ya tatu akasema ananipenda. Siku tatu tu. Wewe una miaka mingapi?"

"Minane nukta..."

"Baba!"

Binti akakata simu, lakini kwa upendo. Desimali alibaki na kile chombo sikioni. Alijua mtoto anasema kweli, na kujua huko hakukumsaidia chochote. Alimpenda pacha wake kwa namna iliyomkaa kifuani tangu asubuhi anapofunga vifungo vya shati. Aliona nafasi ya pacha kwenye viti vya sinema ambako yeye hakwenda, na kwenye meza ya jikoni kwake ambako alikula akiwa amesimama. Akisoma habari ya kuchekesha, aliikata na kuiweka mpaka saa kumi. Mtu wa kutamani kiasi hicho angesema. Yeye hakusema, kwa sababu maneno hayo yangepata jibu, na jibu lingeweza kuwa hapana, na hapo hata chai ingekwisha. Hivyo alikuwa amefanya hesabu miaka minane, na kila mara ikatoka vilevile: ngoja.

Alhamisi, kwenye kibaraza, pacha ndiye aliyemfungulia mlango, akaufungua wazi kabisa.

"Nikishaondoka," akasema, akikitazama kikombe chake, "chai utakunywa na nani?"

Nafasi kama hiyo mtu hupewa mara moja, na wengine hawapewi kabisa. Desimali aliiona. Akajikaza, akakohoa, akasema:

"Nitapewa pacha mwingine."

Ukitaka kumpiga kibao, panga foleni. Yeye mwenyewe alitaka kujipiga. Hakuwa amekusudia hivyo hata kidogo. Alikusudia kusema kwamba hajui, kwamba hawezi hata kufikiria, na njiani kuelekea mdomoni maneno hayo yakageuka kuwa taarifa ya ofisi.

Pacha akamwaga masalia ya chai kwenye ndoo ya fagio.

"Ndiyo," akasema. "Watakupa."

Ijumaa saa nne mkurugenzi aliwaita. Wenye bweni walitaka majibu kabla ya saa nane mchana, na dada naye, akasema mkurugenzi, amekwisha kusogeza tiketi mara mbili. Basi la leo saa tisa ndilo la mwisho litakalomfikisha kabla ya upasuaji wa mdogo wake. Desimali hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amehesabu siku alizozipata yeye, hakuhesabu zilikuwa zinatoka kwa nani. Akasimama mbele ya meza ndefu.

"Kosa ni langu," akasema. "Nimechukua pembe ya roshani badala ya nguzo. Jibu ni nane nukta sita, kama alivyosema pacha. Ukuta unenepeshwe."

Mkurugenzi akapumua. "Haya. Tieni sahihi. Mimi nakwenda kuwapigia simu, wataniuma masikio." Akatoka na kufunga mlango.

Wakabaki wawili. Pacha alifungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, akamsukumia juu ya meza. Ilikuwa na tarehe ya Jumatatu, saa tisa alasiri, kwa mwandiko wake ulioinamia kushoto. Pacha amebofya pembe ya roshani, iliandikwa. Kama kwenye lile jengo la benki. Kama kwenye shule ya ufundi.

"Ulijua tangu Jumatatu," Desimali akasema.

"Nilijua kabla karatasi haijafika mezani. Sheria ilinikataza kusema." Akakunja mikono kifuani. "Na wewe umejua lini?"

Angeweza kusema asubuhi ya leo. Uongo mdogo, wenye adabu.

"Jumanne."

"Saa nne," pacha akasema. "Nilikusikia. Ukipata kosa unavua miwani, unaiweka mezani, tk. Miaka kumi na tisa nakusikia. Nikasema, haya, sasa atasimama. Ukasimama. Kisha ukaketi."

"Pacha..."

"Nikasema, mtu huyu hafichi hesabu. Hajawahi. Akificha, ana sababu. Basi nikangoja niambiwe sababu. Jumanne ukaniambia chai imepoa. Jana ukaniambia utapewa pacha mwingine." Alichukua kalamu, akaivuta ile hati ya bweni mbele yake. "Haya, bwana. Tutie sahihi wauguzi wajengewe."

"Usitie."

Kalamu ikasimama hewani. Desimali aliisikia sauti yake kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Usitie sahihi. Nataka ubaki. Nakupenda, pacha. Nimekupenda miaka minane, kila siku ya kazi na siku za mapumziko zaidi. Nilificha kosa ili nikuone siku tatu nyingine. Sina la kujitetea. Naomba ubaki."

Macho ya mwanamke yule yakajaa. Hakuyafuta. Alicheka kidogo, kicheko kifupi chenye breki.

"Na mimi nakupenda," akasema. "Ulidhani nimekaa nyuma ya kabati la mafaili miaka kumi na tisa kwa kulipenda kabati?"

Desimali alishika ukingo wa meza. Kitu alichokitamani miaka minane kilikuwa kimesemwa kwa sauti, na dari haikuanguka.

"Basi ubaki," akasema.

"Nina mdogo wangu haoni. Jumatatu wanampasua jicho, na hakuna mtu wa kumshika mkono kutoka kitandani mpaka bafuni. Nitabakije?" Akamtazama sana. "Angalia unavyopima, Desimali. Mimi tu ndiye ninayesogea. Wewe umejiweka chini kabisa kwenye msingi, unapima nimefika wapi, naondoka lini, nitarudi lini. Umeniomba nibaki mara tatu. Hata mara moja hukusema utakuja."

Hakuwahi kumwita Desimali. Miaka yote alimwita pacha.

Akatia sahihi. Mwandiko uleule, umeinamia kushoto. Akaifunga kalamu, akaiweka sawasawa na ukingo wa karatasi, akachukua mkoba. Mlangoni alisimama, akageuka nusu, akangoja. Ndani ya Desimali hesabu ilikuwa imeanza. Mwanamke akatoka, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi bila haraka.

Alihesabu. Miezi ishirini na miwili kufikia kustaafu. Nyumba ya kupanga, ambayo ina mkataba. Binti, ambaye huja likizo mara mbili kwa mwaka na anajua njia ya kituo cha basi vizuri. Goti la kulia, ambalo halipendi kukaa kwenye basi zaidi ya saa nne. Kazi: programu ile inafanya kazi kwenye kompyuta yoyote, na bahasha inaweza kutumwa kutoka popote. Kaburi la mkewe, ambalo hulitembelea kila mwezi. Hapo alikwama, akakaa nalo, akaona kwamba marehemu mwenyewe angekuwa amekwisha kumfungia mizigo. Akajumlisha. Akakagua. Akatia sahihi yake kwenye hati ya bweni chini ya sahihi ya pacha, kwa kuwa mkono ulihitaji kufanya kitu. Jibu likatoka. Aliweza. Angeweza kwenda, na zaidi ya hapo, hapakuwa na sababu hata moja ya kubaki.

Akatoka mbio. Tuseme mbio, kwa goti lile ilikuwa ni kuruka ngazi moja na kuomba radhi inayofuata. Akapita kibaraza, akapita duka la vioo, mafundi wakamtumbulia macho, akafika getini akihema, shati limetoka nje ya suruali.

Barabara ilikuwa na watu wa kila siku. Hakuwepo.

"Unamtafuta mama?" mlinzi akauliza kutoka kwenye kiti chake. "Ameondoka sasa hivi, mzee. Teksi imekata kona pale."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Amesimama hapa muda, dereva anapiga honi, mizigo yote iko ndani. Nikamwambia, mama, dereva analalamika. Akasema mwache alalamike, kuna mtu namsubiri." Mlinzi akajikuna kidevu. "Robo saa hivi. Nikamletea kiti, akakataa."

Desimali akatazama saa yake. Kule juu alidhani amefikiri kwa dakika moja.

Akatoa simu. Akakosea jina, akampigia fundi bomba, akakata, akapiga tena. Iliita mara nyingi. Kisha akasikia honi, na mngurumo wa gari, na pumzi ya mtu anayejitahidi isisikike kwamba amelia.

"Nakuja," akasema.

Upande wa pili honi ikalia tena.

"Umenisikia? Nimesema nakuja. Huko. Kwenu. Nakuja kuishi."

"Nimesikia," pacha akasema. "Unakuja lini?"

Akaona vidole vya mkono wake wa kushoto vimekwisha kuanza, kidole gumba kikigusa cha shahada, miezi ishirini na miwili, barua ya notisi, mkataba wa nyumba, goti. Akaukunja mkono ule, akautia mfukoni.

"Kesho," akasema. Hakujua kama kesho kuna basi.